Je, wajua kwa nini dawa mseto ya malaria ni ya siku tatu ilhali homa hushuka mapema?

Mgonjwa wa malaria akianza dawa mseto leo, kesho yake mara nyingi homa imeshaanza kushuka, kichwa kimetulia na ameanza kuulizia chakula. Kama ni mtu mzima, kwenye pakiti bado kuna vidonge 16 kati ya 24. Hapo ndipo wengi wanapojiuliza: kama nimeshapata nafuu, hivi vilivyobaki ni vya nini?

Jibu limo ndani ya kidonge chenyewe. Dawa mseto inayotumika zaidi duniani ina dawa mbili katika kidonge kimoja: artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Artemeta hufanya kazi kwa kasi na kutoweka. Lumefantrini huja polepole na kukaa. Ile iliyokushushia homa siyo itakayoumaliza ugonjwa, na karibu kila agizo la ajabu ajabu unalopewa dirishani, la kurudia baada ya saa nane, la kula kwanza, la kutobakiza hata kidonge kimoja, linatokana na tofauti hiyo.

Tuanze na kimelea. Mbu jike wa anofelesi akikuuma huingiza vimelea vichache tu. Vinakimbilia kwenye ini na kuzaliana humo kwa wiki moja hivi au zaidi, wewe huna habari. Kisha vinamwagika kwenye damu kwa maelfu, na kila kimoja kinavamia chembe nyekundu. Kwa Plasmodium falciparum, aina inayoua watu wengi kuliko nyingine, kila baada ya saa 48 hivi chembe zilizovamiwa hupasuka na kutoa kizazi kipya. Homa na kutetemeka huja na kupasuka huko.

Ndani ya chembe nyekundu kimelea kinakula hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Kinaimeza na kuisaga ndani ya kifuko chenye asidi. Tatizo lake ni mabaki. Hemoglobini ikivunjwa hubaki himu, kipande chenye madini ya chuma, na himu iliyo huru ni sumu kwa kimelea. Hakina pa kuitupa, kwa hiyo kinaigandisha iwe fuwele za kahawia iliyokoza, ambazo mtaalamu wa maabara huziona kwa hadubini. Ikishaganda haidhuru tena. Udhaifu wa kimelea uko hapo, na dawa zote mbili zinapigia hapohapo, kila moja kwa namna yake.

Artemeta ina daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoshikana. Daraja hilo hutulia mpaka likutane na chuma cha himu. Likikutana nacho linavunjika na kuzaa kemikali kali zinazonata kwenye protini za kimelea, yoyote iliyo karibu, bila kuchagua. Chembe nyekundu isiyo na kimelea haina himu nyingi iliyo huru, maana hemoglobini yake ni nzima, ndiyo sababu madhara yanaangukia zaidi chembe zilizovamiwa. Kwa maneno mengine, kadiri kimelea kinavyokula ndivyo kinavyoiwasha sumu itakayokiua.

Ubora mwingine wa artemeta ni kwamba inaua hata vimelea vichanga, vile vilivyovamia chembe saa chache zilizopita. Vikiachwa vikomae, chembe zilizovibeba hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ikiwemo ya ubongo, na hapo malaria ya kawaida hugeuka malaria kali.

Lumefantrini haina vurugu hizo. Kwa jinsi wanasayansi wanavyoielewa, inazuia himu isigande, na kimelea kinakufa kwa taka zake chenyewe.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu zaidi. Mtu mzima mwenye vimelea wengi sana anaweza kuwa na trilioni moja mwilini. Dawa za jamii ya artemeta zina uwezo wa kupunguza idadi hiyo mara 10,000 katika kila mzunguko mmoja wa saa 48. Siku tatu za dawa zinagusa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza: trilioni moja inakuwa milioni 100. Wa pili: milioni 100 inakuwa 10,000. Mgonjwa mwenye vimelea 10,000 hahisi chochote, na hadubini haivioni. Amepona, kwa macho yake na ya kila mtu. Lakini vimelea hao wakiachwa huongezeka mara kadhaa kila siku mbili, na baada ya wiki chache homa inarudi.

Artemeta haiwezi kuwamalizia. Nusu yake hutoweka kwenye damu kila baada ya saa mbili hivi, na siku moja tu baada ya dozi ya mwisho hakuna cha maana kilichobaki. Lumefantrini huchukua siku tatu hadi sita kupungua nusu, hivyo yenyewe ndiyo inayobaki kusafisha. Ila haifanyi hivyo kwa kumezwa mara moja. Inajikusanya: kila moja ya zile dozi sita inaongeza kiasi chake damuni, na watafiti wakitaka kujua kama malaria ya mgonjwa fulani ina uwezekano wa kurudi hupima lumefantrini yake siku ya saba, siku nne baada ya kumaliza kumeza. Anayeacha siku ya pili amepata artemeta ya kutosha kujisikia vizuri, na lumefantrini isiyotosha kupona.

Artemeta pekee ingehitaji kama siku saba, na watu wachache humeza vidonge siku saba wakiwa hawaumwi. Ndiyo maana mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaka watengenezaji waache kuuza vidonge vya jamii hii bila dawa mwenza.

Ratiba nayo ina mantiki yake. Dozi ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ukianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Ukianza saa tisa alasiri, ya pili ni saa tano usiku, na kama mgonjwa amelala aamshwe. Watu wengi hukosea hapa kwa kusubiri hadi kesho yake, wakati mwanzoni ndipo vimelea ni wengi na artemeta haikai. Idadi ya vidonge hufuata uzito: kimoja kila dozi kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, viwili hadi chini ya kilo 25, vitatu hadi chini ya kilo 35, na vinne kuanzia hapo. Kwa watoto kuna vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, na mwaka 2025 Uswisi iliidhinisha dawa ya aina hii iliyotengenezwa kwa ajili ya wachanga wa kilo 2 hadi chini ya 5, kundi ambalo kwa miaka mingi lilitibiwa kwa kukadiria.

Suala la kula ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Lumefantrini haipatani na maji hata kidogo. Inayeyuka kwenye mafuta. Watu wazima wenye afya walipoimeza baada ya mlo wenye mafuta mengi, iliyoingia damuni ilikuwa karibu mara 16 ya ile iliyoingia tumbo likiwa tupu. Hakuna haja ya karamu. Gramu chache za mafuta, hata zile za kwenye maziwa, zinasaidia sana. Angalia na hili: siku ya kwanza mgonjwa hana hamu ya kula, kwa hiyo dozi za mwanzo hufyonzwa vibaya. Siku ya tatu anakula vizuri. Dozi anazoziona hazina kazi ndizo zinazoingia mwilini kikamilifu zaidi.

Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, dozi hiyo hurudiwa, na inabidi arudi kituoni kufidia vidonge vilivyopotea. Akitapika kila anachomeza, huyo si mgonjwa wa vidonge tena.

Dawa za jamii ya artemeta zilitoka China. Mwaka 1967 serikali ilianzisha mradi wa siri uliopewa namba 523, kutafuta dawa ya malaria wakati wa vita vya Vietnam, kwa sababu klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwanasayansi Tu Youyou alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, yaliyoeleza kuloweka mmea wa Artemisia annua kwenye maji na kunywa maji yake. Tu alitambua kwamba Ge Hong hakuuchemsha, akakisia kuwa joto linaharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 walipata kimiminika kilichoua vimelea vya malaria kwenye panya, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Wanaokunywa chai ya mmea huo leo wakidhani ni dawa ileile wanajidanganya: kiasi cha dawa kwenye chai hubadilika na mara nyingi hakitoshi, na hakuna lumefantrini ndani yake. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa kutibu wala kukinga malaria.

Vidonge hivi ni vya malaria isiyo kali. Mwenye degedege, aliyepoteza fahamu, anayepumua kwa shida, mwenye macho ya njano, asiyeweza kukaa au kunywa, anahitaji sindano ya artesuneti haraka, na akiweza kumeza ndipo amalizie kwa dozi kamili ya dawa mseto. Wala si vidonge vya kujikinga. Nimesikia watu wakimeza viwili vitatu kabla ya safari. Hiyo hailindi chochote, maana kinga ina dawa zake nyingine. Na kwa Plasmodium vivax na Plasmodium ovale, ambazo huacha vimelea waliolala kwenye ini, dawa mseto husafisha damu tu. Waliolala wanahitaji dawa nyingine kama primakwini, ambayo hutolewa baada ya kupima kimeng'enya kiitwacho G6PD, kwa sababu asiye nacho cha kutosha chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka.

Kuhusu usalama, mamilioni ya watu humeza dawa hii kila mwaka na wengi hawapati zaidi ya kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu au maumivu ya viungo, mambo ambayo ni vigumu kuyatofautisha na malaria yenyewe. Linaloangaliwa zaidi ni moyo. Lumefantrini inaweza kurefusha kidogo muda ambao moyo hujipanga upya kwa umeme kati ya pigo na pigo. Kwa mtu mwenye moyo mzima haina shida, lakini aliyezaliwa na tatizo hilo, mwenye potasiamu iliyoshuka sana, au anayetumia dawa nyingine zenye athari hiyohiyo, lazima aseme kabla ya kuandikiwa.

Zipo pia dawa zinazoharakisha ini kuivunja lumefantrini kiasi kwamba haibaki ya kutosha: rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI. Anayezitumia asinyamaze, na pia asiziache mwenyewe ili ameze za malaria; mtaalamu ndiye atakayepanga. Kwa wajawazito mambo yamebadilika. Zamani miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya kwinini, siku saba za masikio kuvuma. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artemeta na lumefantrini hata katika miezi hiyo, baada ya takwimu za ujauzito kutoonyesha madhara zaidi ya kwinini.

Kinachowanyima usingizi wataalamu ni usugu wa vimelea kwa dawa za jamii ya artemeta. Ulianza kuonekana magharibi mwa Kambodia miaka ya 2000, na sasa umethibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na Tanzania. Kimelea sugu hufanya jambo la kijanja: mabadiliko kwenye jeni ya kelch13 hukifanya kiwe kinakula hemoglobini kidogo kikiwa kichanga. Himu ikiwa kidogo, artemeta haiwashwi vya kutosha. Mara nyingi mgonjwa bado anapona, kwa sababu lumefantrini inaubeba mzigo ulioongezeka. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuongeza dawa ya tatu kwenye mseto, na wengine wanaiweka lumefantrini pamoja na dawa mpya iitwayo ganaplasidi badala ya artemeta.

Jambo la mwisho la kujua ni kuhusu kupima tena. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu ya kidoleni, mara nyingi hutafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wote kufa. Ukipima wiki moja baada ya dozi na mstari ukatokea, si ushahidi kwamba dawa imeshindwa, wala si sababu ya kufungua pakiti nyingine. Homa ikirudi ndani ya siku 28, damu iangaliwe kwa hadubini. Vimelea wakionekana, mgonjwa hupewa dawa mseto ya aina nyingine.