Sheria ya maabara iliyoingia wodi ya wazazi

Mimi ni wakili wa jinai, na kwa muda sasa nafuatilia kesi za wajawazito wanaoshtakiwa Marekani kwa kutumia dawa za kulevya. Wengi huniuliza kosa lenyewe linaitwaje. Wanadhani kuna kifungu kinachomtaja mjamzito. Mara nyingi hakipo. Tennessee walitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2014, wakaiwekea ukomo, na 2016 wakaiacha ife. Kwingineko waendesha mashtaka huazima kifungu kilichotungwa kwa shughuli nyingine kabisa.

Alabama ndio mfano wenyewe. Mwaka 2006 jimbo lilipitisha sheria ya kuwalinda watoto wanaoishi kwenye nyumba zilizogeuzwa maabara za kupika methi, dawa ya kulevya ya kemikali: mafusho, tindikali, milipuko. Haikuchukua muda, sheria hiyo ikaanza kuwafuata kina mama waliotoka kujifungua. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabariki: mtoto wa kwenye sheria ni pamoja na aliye tumboni. Mtoto akizaliwa bila madhara, mama anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 10. Akifa, ni 10 hadi 99. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2016 ili mama aliyemeza dawa alizoandikiwa na daktari asiguswe.

Florida walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1989 mwanamke alitiwa hatiani kwa kumsambazia mwanawe kokeini kupitia kitovu, katika zile sekunde baada ya mtoto kutoka na kabla kitovu hakijabanwa. (Ningelipa nauli kumsikia mwendesha mashtaka akimweleza mkunga hoja hiyo.) Mahakama ya Juu ya Florida iliifuta hukumu mwaka 1992.

Sasa ushahidi. Hautoki mitaani, unatoka kliniki: mkojo wa mama, damu, hata choo cha kwanza cha mtoto. Hospitali moja ya umma mjini Charleston, South Carolina, ilianza mwaka 1989 kuwapima wajawazito mkojo na kuwapa polisi majibu. Kati ya wanawake 30 waliokamatwa, 29 walikuwa weusi. Kesi ya Ferguson dhidi ya Jiji la Charleston ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2001 majaji 6 kwa 3 wakasema kupima kwa ajili ya polisi bila ridhaa ya mgonjwa wala hati ya mahakama ni upekuzi unaovunja katiba.

Watu husoma ushindi ule kupita ulivyo. Haukumzuia daktari kupima kwa ajili ya tiba. Haukumlinda mama aliyetia saini fomu ya ridhaa akiwa kwenye uchungu. Wala haukugusa mashtaka yenyewe, maana miaka minne kabla, kwenye kesi ya Whitner, Mahakama ya Juu ya South Carolina ilikwisha kuamua kwamba mimba iliyofikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo ni mtoto kisheria.

Madaktari bingwa wa uzazi wa Marekani, kupitia chama chao, wanapinga mashtaka haya, na sababu yao ni ya kitabibu. Mjamzito aliyezoea heroini hatakiwi kukatishwa ghafla, kwani arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, ni hatari kwake na kwa mimba. Anawekwa kwenye methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu huo, na kuhudhuria kliniki. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto yake, nayo hutibika. Yote hayo yanataka mama aseme ukweli mbele ya nesi, na akijua kauli yake inaweza kuishia kwa polisi, atanyamaza au hatakuja.

Halafu kuna jela. Mwaka 2022 ilifahamika kwamba katika Kaunti ya Etowah, Alabama, wanawake walioshtakiwa kwa ile sheria ya 2006 walikuwa wakikaa mahabusu wiki nyingi kwa sababu dhamana ilidai dola 10,000 taslimu, na tena wamalize kwanza tiba ya uraibu. Mmoja alikuwa mjamzito aliyekiri kuvuta bangi.

Kwa ndugu zetu wanaoishi huko, tofautisheni milango miwili, wa ustawi wa watoto na wa polisi. Sheria ya shirikisho inataka idara ya ustawi wa watoto ijulishwe mtoto mchanga anapoathiriwa na dawa, na huo si mlango wa polisi, ingawa majimbo mengine yamejenga ujia kati yake. Kliniki msiache. Ila kabla ya kukinga mkojo, uliza kipimo ni cha nini na majibu yanakwenda kwa nani, na fomu usiyoielewa omba mkalimani kabla ya kutia saini.