Oxford ni mji, na una wenyewe

Ukitaja Oxford, mji wa Uingereza, huku kwetu, mtu anaona geti moja kubwa, kibao cha chuo kikuu na wanafunzi waliovaa majoho. Picha hiyo inaniuma kidogo, kwa sababu inawafuta watu waliokuwapo pale kabla ya msomi wa kwanza kufungua kitabu.

Dhana: Ukifika utaliona geti la chuo.
Ukweli: Halipo. Chuo ni koleji zaidi ya 30 zilizotapakaa mjini, kila moja na uongozi wake na fedha zake. Mwanafunzi huishi na kufundishwa katika koleji yake, ila mitihani na digrii ni za chuo kikuu. Ndiyo maana mgeni husimama barabara ya High Street akauliza chuo kiko wapi, ilhali kimemzunguka pande zote.

Dhana: Chuo ndicho kilichozaa mji.
Ukweli: Mji unatajwa katika maandishi ya mwaka 911. Habari za ualimu pale zinaanzia 1096, na chuo chenyewe hakina tarehe ya kuzinduliwa, kilikua polepole. Mnara wa kanisa la St Michael at the North Gate, wa karibu mwaka 1040, bado umesimama mtaa wa Cornmarket, na watu wanaupita wakienda madukani.

Dhana: Wasomi na wenyeji wameishi kwa amani siku zote.
Ukweli: Hapa ndipo historia inapotisha. Mwaka 1209, baada ya mwanamke kuuawa na wenyeji kuwanyonga wanafunzi, baadhi ya wasomi walikimbia, wakaenda kuanzisha chuo kikuu cha Cambridge. Kisha ikaja Februari 10, 1355. Wanafunzi waliokuwa wakinywa katika kilabu cha Swindlestock, pale njia panda ya Carfax, walilalamika kwamba mvinyo ni mbaya, wakammwagia mwenye kilabu usoni. Kengele zikalia, pinde zikatoka, watu wakauana kwa siku tatu. Inahesabiwa kuwa wasomi 63 walikufa, na wenyeji wapatao 30. Mfalme akaegemea upande wa chuo, na kwa amri ya askofu kila mwaka meya alipaswa kwenda kanisani na kulipa peni moja kwa kila msomi aliyeuawa. Wenyeji waliibeba aibu hiyo hadi 1825. Wafu wao wenyewe hawakulipiwa hata peni.

Dhana: Mwenye akili yeyote alikaribishwa.
Ukweli: Wanawake walianza kusoma huko 1879, lakini hawakupewa digrii hadi 1920.

Dhana: Mji mzima unaishi kwa vitabu.
Ukweli: Nenda Cowley, mashariki ya mji. William Morris, fundi baiskeli ambaye hakusoma chuo kikuu, alianza kuunda magari huko mwaka 1913, na maelfu ya familia wakapata riziki kwa nati na bolti. Magari ya Mini yanaundwa hapo hadi leo.