Je, wajua kwa nini baiskeli inatikisika vile kwenye barabara ya Warumi?

Ukitoka Roma kwa baiskeli ukaishika Via Appia Antica, kilomita chache za mwanzo ni lami na vijiwe vidogo vya mraba, unavumilia. Ukishalipita kaburi la Caecilia Metella, lile la duara kubwa kama mnara, ndo unakutana na mawe yenyewe. Meusi, mapana kama sinia, kila moja na umbo lake, na katikati mianya ambayo tairi jembamba linazama. Usukani unaanza kupiga viganja, kengele inalia yenyewe, ukijaribu kuongea na mwenzako sauti inakatikakatika.

Mimi nilipopita pale mara ya kwanza nikawaza kumbe hivi ndivyo Warumi walivyosafiri, mwendo wote huu kwenye mikokoteni isiyo na springi, poleni sana. Nikaamini hivyo muda mrefu tu, na nimekutana na watu wengi wanaoamini hivyo hivyo. Na sio kweli, tena sio kweli kwa namna mbili tofauti.

Historia kwa kifupi: barabara ilianzishwa mwaka 312 KK na Appius Claudius Caecus, kiongozi wa Roma, ikatoka Roma mpaka mji wa Capua, kama kilomita 195, baadaye ikavutwa mpaka bandari ya Brindisi, zaidi ya kilomita 500. Mwaka 2024 UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia. Basi, hayo yanatosha.

Sasa kosa la kwanza. Barabara hii ilipoanza haikuwa na haya mawe. Ilikuwa ya changarawe iliyoshindiliwa, yani kama barabara zetu nyingi za mikoani zikiwa zimetoka kuchongwa na greda. Mwanahistoria Livy ameandika kwamba mwaka 296 KK maofisa wa Roma waliwatoza faini wakopeshaji wa riba na sehemu ya hela hiyo ikatandika mawe kwenye njia ya miguu, kutoka lango la Capena mpaka hekalu la Mars, kama maili moja hivi. Mwaka 293 KK wakatozwa faini wafugaji, na hela yao ikatandika mawe magumu kutoka hapo mpaka mji wa Bovillae. Yani karibu miaka 20 watu walikuwa wanapita kwenye changarawe, na hata baada ya hapo lilipata mawe lile eneo la karibu na mji kwanza. Napenda sana hiki kipande, faini ya mtu wa riba imekuwa barabara.

Halafu mwaka 174 KK, Livy huyo huyo anasema viongozi waliingia mikataba ya kutandika mawe barabara za ndani ya mji, na za nje ya mji ziwekwe changarawe na zijengewe kingo. Shika hilo neno kingo, tunalirudia. Kwahiyo ukisikia "barabara ya Kirumi" usione mawe tu kichwani. Sehemu kubwa ya barabara zao, Uingereza kwa mfano, juu ilikuwa kokoto na changarawe, na kwa mnyama asiyepigiliwa chuma kwenye kwato hiyo ni nafuu kuliko jiwe tupu.

Na ule mchoro wa matabaka manne unaouona kila mahali, mawe makubwa chini, halafu madogo, halafu chokaa, halafu ya juu, nao una shida yake. Mwaka 1622 Mfaransa mmoja mwanasheria, Nicolas Bergier, alichukua maelezo ya Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, kuhusu sakafu za nyumba akayahamishia barabarani. Wachimbaji wakikata barabara halisi wanakuta mambo tofauti kila sehemu, kutegemea udongo na mawe yaliyokuwa karibu. Zipo zilizo na matabaka mengi, zipo zilizo na tabaka moja tu.

Kosa la pili ndo kubwa zaidi: hata palipokuwa na mawe, hayakuwa na mabonde haya. Mwanahistoria Procopius alipita Via Appia karne ya 6 BK, barabara ikiwa na zaidi ya miaka 800, na anasema mawe yalikuwa yameshikana bila saruji wala kitu chochote katikati, ukiyatazama utadhani yameota pamoja, na mikokoteni ya miaka yote hiyo haikuyaachanisha. Kuna sehemu alikosea, alidhani mawe yameletwa kutoka mbali wakati ni lava ya volkano ya vilima vya Alba, iliyomwagika mpaka karibu na pale kwenye kaburi la Caecilia Metella na machimbo yalikuwa hapo hapo njiani. Ila hilo la kushikana ni kitu alichokiona mwenyewe.

Sasa imekuwaje yakaachana? Hapa inabidi uelewe jiwe lenyewe. Unaloliona juu ni uso bapa tu, chini linachongoka kama jino, limekaa kwenye kitanda cha kokoto na mchanga. Hakuna gundi. Kinachoyashika ni kubanana, kila jiwe linamsukuma jirani yake na jirani anasukuma mwingine mpaka pembeni, ambako kuna mawe ya kingo yaliyosimamishwa wima na kuzikwa. Fundi yeyote wa pevingi anajua hili, ukitandaza pevingi uani bila kujenga kingo, miezi michache tu za pembeni zinaanza kutembea na za katikati zinafuata.

Au fikiria kupukuchua mahindi. Mstari wa kwanza kwenye gunzi unaumiza kidole, punje zimebanana hazitaki kutoka. Ukishautoa huo mmoja, inayofuata unaisukuma kwa dole gumba inaanguka tu, wakati punje ni zile zile na ugumu wake ni ule ule, kilichopungua ni jirani. Via Appia ndo ilifanyiwa hivyo. Karne kwa karne watu walichukua mawe kwenda kujengea, kingo zikang'oka, mvua ikaingia kwenye mianya ikaosha mchanga wa chini, mawe yakalala upande, pembe zikalika zikawa mviringo kama sabuni iliyotumika.

Kwa baiskeli hesabu yake inaeleweka haraka. Jiwe ni kama nusu mita, ukienda kilomita 15 kwa saa unakata mita 4 na kidogo kwa sekunde, kwahiyo unapigwa kama mara 8 kila sekunde, na gurudumu halichagui pa kukanyaga. Mguu unachagua, ndo maana kwa miguu barabara hii ni raha kabisa. Mkimbiaji wa Ethiopia Abebe Bikila alipita Via Appia peku, usiku wa tarehe 10 Septemba 1960 kwenye marathoni ya Olimpiki, akashinda kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Kwa baiskeli chukua tairi nene, punguza upepo kidogo, na pakiharibika sana shika kile kijinjia cha udongo pembeni ambacho kila mtu anapita.

Ila tuwe waangalifu, sio kila bonde ni la uzee. Miaka ya 1850 Luigi Canina, mwanaakiolojia wa Kiitaliano, alifukua na kukarabati sehemu ndefu ya barabara hii, na karne ya 20 nayo ilikuwa na matengenezo yake, kwahiyo kuna mawe yaliyowahi kung'olewa na kurudishwa, na jiwe lililorudishwa halibani kama la mwanzo. Ile mifereji ya magurudumu nayo, mingi ni kulika kwa mikokoteni, ila kwenye njia za milimani ipo ambayo inaonekana ilichongwa makusudi kuongoza gurudumu.

Ukiwa pale tafuta sehemu ambayo kingo za pande zote mbili bado zimesimama. Zipo, fupi fupi, mita chache tu, na upana wake ni kama mita 4, mikokoteni miwili inapishana. Panda hapo katikati taratibu. Kengele inanyamaza.