Kupinda njia ili kuiona bahari: dhana potofu na ukweli kwa familia iliyo safarini Mombasa

Shule zikifungwa, magari ya familia hujaa kwenye barabara ya Malindi na ile ya Lunga Lunga, na ndani ya magari hayo kuna mjadala uleule: tunyooke tufike mapema, au tupinde kwanza watoto waione bahari? Wengi huuamua kwa kuhesabu kilomita. Kilomita ni kipimo dhaifu. Kinachoamua kama mzunguko huo una faida ni saa: saa ya maji, saa ya jua, na saa mtakazokaa huko mkishafika.

Dhana: Barabara ya Mombasa hadi Malindi inafuata ufuo, kwa hiyo bahari tutaiona tukiwa garini.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na sehemu kubwa ya lami hiyo imekaa mbali na ufuo. Utakachokiona ni majengo ya Bamburi na Shanzu, maduka ya Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo, minazi na mikorosho, kisha ukishapita mji wa Kilifi, msitu wa Arabuko Sokoke unakusindikiza hadi karibu na Gede. Maji yanaonekana vizuri mahali patatu tu: daraja la Nyali, daraja la Mtwapa na daraja la Kilifi. Yote matatu yamevuka mikono ya bahari inayoingia bara, na kila moja unalimaliza kabla mtoto aliyelala hajaamshwa. Barabara ya Diani nayo ni hivyo hivyo, hoteli na nyumba zimejipanga kati ya lami na mchanga.

Basi swali la kujiuliza ni mtashukia wapi. Kwa familia inayoelekea Malindi, vituo vinavyolipa kwa gharama ndogo ni hivi. Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15, yako karibu kilomita 3 tu kutoka barabara kuu, ukishavuka daraja la Mtwapa. Kuna mibuyu yenye kivuli kizito na msikiti uliojengwa ukingoni mwa bahari. Magofu ya Mnarani yapo upande wa kusini wa daraja la Kilifi, dakika chache kutoka kwenye lami, na kutoka pale juu unauona mkono wote wa bahari ya Kilifi. Kwa mwenye haraka, Mnarani ndiyo chaguo letu la kwanza: hakuna mchanga wa kuosha miguuni wala nguo za kubadilisha. Gede, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, iko hatua chache kutoka njia panda ya Watamu, lakini haina bahari ya kutazama. Ni mji uliomezwa na msitu. Waambieni watoto mapema, wasije wakavaa nguo za kuogelea bure.

Dhana: Ni kilomita chache tu, hatutapoteza muda.

Tuchukue Watamu. Kutoka Gede ni karibu kilomita 7 za lami, kwenda na kurudi 14. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita moja na ushee, na kuendesha kwenyewe hakuzidi nusu saa. Hapo ndipo hesabu za wengi zinapokomea. Ongeza sasa kutafuta pa kuegesha, kushusha mizigo, kubadilisha watoto watatu, kuwatoa majini wasipotaka kutoka, kuwaosha mchanga na kuwalisha. Kituo cha ufuoni chenye watoto hakipungui saa moja na nusu, hata mkijitahidi, na mkikipunguza mnatoka na hasira badala ya raha.

Kanuni inayofaa ni hii: muda wa kukaa uwe angalau mara mbili ya muda wa ziada wa kuendesha. Watamu inafaulu kwa urahisi. Shimoni, kwa aliyefikia Diani, ni habari nyingine. Kutoka Ukunda, mji wa Diani ulio kwenye barabara kuu, ni karibu kilomita 100 kwenda na kurudi, saa mbili hadi mbili na nusu barabarani, na mashua za kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite na kisiwa cha Wasini huondoka asubuhi. Mkifika saa 6 mchana mtakuta pango la watumwa na gati, basi. Shimoni ipewe siku yake nzima, mtoke alfajiri, au iachwe.

Katika kukadiria muda, usitumie mwendo ulioandikwa kwenye kibao. Kati ya Mombasa na Malindi chukua wastani wa kilomita 45 hadi 50 kwa saa, kwa sababu ya msongamano wa Kongowea hadi Mtwapa, matuta kwenye kila kituo, na kazi ya kupanua barabara hii. Safari ya kilomita 120 ni saa mbili na nusu, na Ijumaa jioni inapita saa tatu.

Dhana: Bahari ipo saa zote, tukifika tumefika.

Hili ndilo linaloharibu safari nyingi kuliko yote, na ndilo lililo rahisi zaidi kuepukwa. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Mombasa hupita mita 3. Maji yakikupwa, sehemu kubwa ya ufuo ulio nyuma ya mwamba hubaki vidimbwi, majani ya bahari na mawe. Mtoto aliyeahidiwa kuogelea atatembea mbali, na bado maji yatakuwa magotini. Wakati wa maji mafu, tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na ufuo hauonyeshi mabadiliko makubwa.

Habari njema ni kwamba saa zinatabirika. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, na siku mbili tatu zinazofuata. Tarehe 1 na 15, pwani yetu hujaa maji karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ikiwa tarehe 1 maji yamekupwa saa 4 asubuhi, tarehe 4 yatakupwa karibu saa 6 na nusu mchana, na kufikia tarehe 8 mambo yamegeuka: maji mafu, yamejaa karibu saa 4 asubuhi. Aliye na kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kupanga kituo chake usiku wa kuamkia safari. Asiye nayo amuulize mvuvi yeyote, au atazame jedwali la maji la bandari ya Kilindini.

Sasa oanisha kituo na maji. Kuogelea kwa watoto Nyali, Bamburi au Watamu, fika ndani ya saa mbili kabla au baada ya maji kujaa. Kutembea kwenye vidimbwi, kutazama kaa na samaki wadogo, au kwenda kwa miguu kwenye visiwa vya mawe vya Watamu, taka maji ya bamvua yaliyokupwa, na kila mtu avae viatu vya raba, maana kwenye mawe kuna wale wanyama wenye miiba mieusi, na mwiba ukivunjikia mguuni safari ya mtoto imekwisha. Mida, mkono wa bahari karibu na Watamu wenye daraja la mbao kati ya mikoko, kwa mtumbwi inataka maji yanayojaa.

Tahadhari moja kwa wanaotembea mbali: maji hayarudi kwa mwendo sawa. Saa ya kwanza ni kama hayasogei, watu wakajisahau. Saa ya tatu na ya nne ndizo yanapopanda kwa kasi, karibu robo tatu ya mita kila saa wakati wa bamvua. Hiyo inatosha kumfikia mtoto wa miaka sita kifuani. Geukeni kurudi pale pale maji yanapoanza kujaa.

Dhana: Tukifika jioni tutaona jua likizama baharini.

Pwani ya Kenya inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kutua bara, nyuma ya minazi. Anayetaka picha ya jua juu ya bahari ya wazi aamke alfajiri, awe mchangani kabla ya saa 12. Anayetaka la jioni asimame ukingo wa mashariki wa mkono wa bahari na kutazama magharibi: Kilifi inafaa sana, na Mida pia. Mwaka mzima jua linatua kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 jioni, na giza huingia chini ya nusu saa baadaye. Hapa giza halichelewi. Mkikaa kutazama jua, mjue kwamba kilomita zitakazobaki mtaziendesha usiku, kwenye barabara yenye matuta yasiyochorwa, mikokoteni isiyo na taa na bodaboda. Kwa familia yenye watoto, hilo peke yake ni sababu tosha ya kulifuata jua la asubuhi.

Dhana: Malindi maji ni ya buluu wakati wowote.

Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini kidogo ya mji. Mvua zikinyesha bara, na hasa upepo wa kaskazi ukivuma na kusukuma tope hilo kusini, maji ya mbele ya mji huwa ya kahawia. Watamu, ambayo iko mbali zaidi na mto, huathirika kidogo. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari ya nje huchafuka na safari za mashua huwa na mawimbi ya kutapisha. Kama watoto wako hutapika hata garini, mashua isubiri kaskazi. Shukeni kwenye magofu.

Dhana: Kwenda kusini ni lazima feri, kwa hiyo Diani haistahili.

Zamani ilikuwa kweli. Sasa barabara ya Dongo Kundu inatoka Miritini, inavuka mikono ya bahari ya Mwache na Mteza kwa madaraja marefu, na kutokea kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga bila kugusa feri. Anayetoka Nairobi, Changamwe au Mikindani asifikirie feri ya Likoni kabisa. Anayekaa kisiwani bado anaweza kupata feri iwe fupi zaidi, ila si asubuhi na jioni za siku za kazi. Maji na mikoko inayoonekana kutoka madaraja ya Dongo Kundu ni mandhari mazuri kuliko yote yanayopatikana bila kushuka garini. Msisimame juu ya daraja kupiga picha, malori hupita hapo kwa kasi.

Mkitumia feri: vuta breki ya mkono, weka gia ya kuegesha, shusheni vioo, fungueni mikanda ya watoto na kila mdogo awe na mkubwa wake. Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume likatumbukia kwenye mkondo wa Likoni, mama na bintiye wakafariki. Hatua hizo zinachukua nusu dakika.

Dhana: Kutoka Nairobi kwenda Malindi, ama upite Mombasa mjini ama ukate kupitia Tsavo.

Kuna njia ya tatu. Ukifika Mariakani pinda kushoto, pitia Kaloleni, utokee Mavueni karibu na Kilifi, lami yote. Inakuepusha na Changamwe, Nyali na Mtwapa kwa pamoja. Unapoteza Jumba la Mtwana, lakini Mnarani, Gede na Watamu bado ziko mbele yako.

Njia ya Tsavo Mashariki kutoka Voi hadi lango la Sala inaonekana kwenye ramani kama mkato. Ndani ya hifadhi mwendo wa juu ni kilomita 40 kwa saa, na umbali ni zaidi ya kilomita 100. Mnalipia kila mtu na gari, kwa mtandao wa eCitizen, si fedha taslimu, na lazima mtoke kabla lango halijafungwa saa 12 jioni. Kama mnataka ndovu, ni siku nzuri sana. Kama mnataka kufika, piteni Mariakani.

Dhana: Mafuta tutajaza popote.

Bei za mafuta zinazotangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hubadilika kila katikati ya mwezi, na Mombasa, kwa kuwa mafuta yanashukia hapo, ina bei ya chini kuliko Nairobi. Jazeni Mombasa.

Dhana: Gari linaweza kushuka hadi mchangani.

Gari dogo la kawaida likiacha udongo mgumu hukwama kwenye mchanga mkavu uliolegea juu ya ufuo, na likivuka hapo likafika kwenye mchanga wenye maji, bahari inarudi kulifuata. Egesheni juu. Likikwama, usikanyage mafuta, tairi litajichimbia zaidi. Wote washuke, chimbeni mchanga mbele na nyuma ya magurudumu, punguzeni upepo hadi kama psi 18 au 20, tandikeni mazulia ya gari chini ya magurudumu yanayosukuma, kisha rudini taratibu kwenye alama zenu wenyewe. Jazeni upepo tena kabla ya kurudi barabara kuu, kwa sababu tairi legevu kwenye mwendo hupata joto na kupasuka. Ndiyo maana pampu ndogo ya kuchomeka garini iwekwe pamoja na spea na jeki. Mkifika nyumbani, mwagieni gari maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini ya mwili na ndani ya matao ya magurudumu. Kufuta boneti pekee hakusaidii.