Shingo, kiuno na ganzi za vidole: maswali ya wanaoshinda kwenye kompyuta

Nachapa barua na CV kwenye steshenari tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Sinyanyui kitu kizito. Mbona shingo na kiuno vinaniuma?

Kukaa tuli nako ni kazi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikumbatie kifuani kidumu cha maji cha lita 5, kisha ukishike mkono ukiwa umeunyoosha mbele. Maji ni yaleyale, lakini bega halistahimili hata dakika moja. Ndivyo inavyopata taabu misuli ya shingo unapokiinamia kioo siku nzima. Na zile gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hutegemea sana mwili kujongea ili zipate lishe, kwa kuwa za mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu.

Maradhi haya ni ya zamani. Mwaka 1713 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba makarani waliugua kwa kukaa mfululizo, kuchezesha mkono vilevile bila kukoma, na kukaza akili wasikosee.

Kiti changu ni cha plastiki. Nifanyeje?

Viringisha kanga uiweke kiunoni, na usogeze makalio mpaka nyuma kabisa ya kiti. Miguu ikining'inia, ikanyagishe boksi la rimu. Viwiko viwe usawa wa meza, mabega yamelegea. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usawa wa macho au chini kidogo.

Kompyuta mpakato ndiyo korofi: ukiiacha mezani shingo inainama, ukiinyanyua mikono inaning'inia. Ipandishe juu ya rimu mbili au tatu, uchomeke kibodi na mausi vya pembeni. Pesa ikiwa kidogo, anza na hivyo, kiti kitasubiri.

Halafu simama kila nusu saa. Karatasi za printa zifuate mwenyewe. Hakuna mkao, hata ulio mzuri, unaofaa kukaliwa saa nne mfululizo.

Usiku vidole vinakufa ganzi. Ni baridi?

Ikiwa ni dole gumba, cha shahada na cha kati, huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kuchapa si sababu pekee. Ujauzito, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo huchangia, kwa hiyo kapimwe. Usichelewe: neva ikibanwa muda mrefu, nyama ya kitako cha dole gumba hunywea na vitu vinakuponyoka mkononi.

Naweza kuendelea na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa?

Siku chache, kwa ushauri wa mfamasia, sawa kwa wengi. Ukiimeza wiki baada ya wiki inaweza kukutoboa tumbo na kuharibu figo, na meza yako itakuwa ileile. Muone mtaalamu wa fiziotherapia.

Lini niende hospitali bila kusubiri?

Mguu ukilegea, ganzi ikiingia katikati ya mapaja, au mkojo ukikutoka wenyewe au kugoma kutoka. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.