Baada ya ISS: nani atajenga nyumba angani, na nani atalipa kodi

Kila tukipokea wanafunzi kwenye siku yetu ya wazi, kuna swali moja halikosi. Safari iliyopita aliliuliza kijana wa kidato cha tatu, mkononi kashika mfano wa kituo cha anga tulioutengeneza kwa makopo: "Mwalimu, kwa hiyo mtu akiwa na hela tu, anapanda?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba ndiyo, anapanda, ila hela peke yake haitoshi. Kengele ikalia, wakaondoka. Tangu siku ile najiona nina deni nao, na haya ndiyo malipo yangu.

Tuanze na nyumba iliyopo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS, kilianza kujengwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kulala bila mtu ndani. Kina uzito wa tani 420 hivi, kiko kimo cha kilomita zipatazo 400, na huizunguka dunia kila baada ya dakika 90 kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Wengi hudhani watu huelea mle kwa sababu wametoka nje ya mvutano wa dunia. Sivyo. Kwa kimo hicho mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaokukalisha kwenye kiti. Rusha jiwe: linakwenda mbele huku linaanguka. Ukilirusha kwa kasi ya kutosha litaendelea kuanguka, lakini kwa kuwa dunia ni mviringo ardhi nayo inainama chini yake, hivyo halitui. Kituo kiko hivyo hivyo, kinaanguka siku zote bila kufika, na waliomo wanaanguka pamoja nacho.

Kwa hiyo kinachofanya safari hizi ziwe ghali si umbali. Kilomita 400 hazifiki hata Dodoma ukitokea Dar es Salaam kwa barabara. Ghali ni kuipata ile kasi, kisha kuivua salama wakati wa kurudi.

Nyumba yenyewe imechakaa. Kwenye kipande cha Warusi kiitwacho Zvezda kuna kijia kilichoanza kuvuja hewa mwaka 2019, kwa miaka wakawa wanaziba hapa panatokea pale. Kukiendesha kituo kunaigharimu NASA, shirika la anga la Marekani, dola takriban bilioni 3 kwa mwaka. Mpango uliopo ni kukistaafisha mwaka 2030 na kukishusha kwa makusudi kwenye Pasifiki ya kusini, mbali na makazi ya watu. Juni 2024 kampuni ya SpaceX ilipewa mkataba wa hadi dola milioni 843 kutengeneza chombo cha kukisukuma chini. Na NASA imeshasema haitajenga kingine cha namna hiyo karibu na dunia. Inataka makampuni yajenge, NASA yenyewe iwe mpangaji. Mwenye duka yeyote wa Kariakoo analielewa hilo upesi: badala ya kumiliki jengo na kuhangaika na paa na mabomba, unalipia fremu tu.

Wazo hili lina umri kuliko wanavyodhani wanaolisikia leo. Mwaka 2000 Warusi walikuwa na kituo chao, Mir, na hawakuwa na fedha za kukitunza. Kampuni moja binafsi, MirCorp, ikakikodi. Ikagharimia safari ya wanaanga wawili wa Kirusi, Sergei Zalyotin na Aleksandr Kaleri, waliokwenda Aprili mwaka ule kukikarabati. Ikapata na mteja wa kwanza, tajiri wa California aitwaye Dennis Tito, aliyekuwa mhandisi wa NASA kabla ya kuingia kwenye biashara ya fedha. Lakini mpangaji hakuwa na fedha za kutosha na mwenye nyumba alishachoka. Machi 2001 Mir ikashushwa baharini.

Tito alikuwa tayari amefanya mazoezi. Warusi wakampa kiti cha kwenda ISS badala yake, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 20. NASA ikagoma. Machi 2001 Tito na wenzake wawili, wanaanga wa Urusi Talgat Musabayev na Yuri Baturin, walifika Houston kwa mafunzo, na Wamarekani wakasema wale wawili waingie, huyu wa kulipia abaki. Wale wawili nao wakakataa kuingia bila mwenzao. Mwishowe Tito alipaa tarehe 28 Aprili akiwa na miaka 60, akakaa angani karibu siku nane. Mwaka uliofuata akaenda Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ndiye huyo aliyekuja kuanzisha Ubuntu, ile programu endeshi ya kompyuta. Hadi 2009 watu saba walikuwa wameshasafiri kwa njia hiyo, mmoja wao mara mbili. Kisha mlango ukafungwa: Marekani ilipostaafisha vyombo vyake vya shuttle mwaka 2011, ilihitaji kila kiti cha Warusi kilichopatikana.

Ulifunguka tena mwaka 2020, chombo cha Dragon cha SpaceX kilipoanza kubeba watu. Septemba 2021 watu wanne, hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa mwanaanga wa serikali, walikaa siku tatu angani katika safari iliyolipiwa na mfanyabiashara Jared Isaacman. Septemba 2024 Isaacman huyo huyo alitoa mwili wake nje ya chombo kwenye safari ya Polaris Dawn, mara ya kwanza mtu kutoka nje kwa gharama binafsi.

Hao ni wale wa vichwa vya habari. Mimi kampuni ninayoifuatilia zaidi ni Axiom Space ya Houston, kwa sababu ndiyo inayoonyesha biashara hii inaelekea wapi. Ilianzishwa 2016, na mmoja wa waasisi wake, Michael Suffredini, alikuwa msimamizi wa ISS pale NASA. Kwa sasa, ukiitazama kwa jicho la mtaani, Axiom ni dalali. Chombo ni cha SpaceX, nyumba ni ya NASA na washirika wake. Yeye anakusanya wateja, anawafundisha kwa miezi, anapanga kazi zao, anawapeleka na kuwarudisha. Safari ya kwanza, Aprili 2022, kila mteja alitajwa kulipa dola milioni 55.

Na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba hela haitoshi. Wateja watatu wa safari ile hawakutaka kuitwa watalii, wakabeba majaribio ya kisayansi tele. Walipofika wakakuta mambo ni mazito. Jaribu kufungua mfuko wa vifaa mahali ambapo hakuna kinachotulia mezani: kila bisibisi lazima ibandikwe ukutani, kila kifuniko kina hamu ya kuondoka. Kazi ya nusu saa ikala saa nzima. Wanaanga wa kituoni wakajikuta wanawasaidia wageni huku kazi zao zikisubiri, na nahodha wa safari, Michael López-Alegría, baadaye alikiri kwamba ratiba ilijazwa mno. NASA nayo ilikuwa imeanza kujifunza mapema. Mwaka 2019 ilikuwa imetangaza bei ya dola 35,000 kwa mtu kwa siku. Kufikia 2021 ilishapandisha, na msaada wa wanaanga wake peke yake ukawekewa dola milioni 5.2 kwa safari. Baada ya safari hiyo ya kwanza ikaamuru pia kila msafara binafsi uongozwe na mwanaanga wake wa zamani.

Sasa tazama nani walifuata. Mei 2023, Rayyanah Barnawi na Ali AlQarni, waliopelekwa na serikali ya Saudi Arabia. Januari 2024, Mturuki wa kwanza angani, Alper Gezeravcı, pamoja na rubani wa jeshi la anga la Italia na Mswidi. Juni 2025, Mhindi, Mpolandi na Mhungaria, chini ya Peggy Whitson, mwanaanga wa zamani wa NASA. Sultan AlNeyadi wa Falme za Kiarabu, aliyekaa ISS nusu mwaka 2023, kiti chake kilinunuliwa kupitia Axiom. Tajiri anayetafuta raha amepungua, na nafasi yake imechukuliwa na serikali zisizo na roketi yao ya kubeba watu. "Mwanaanga binafsi" siku hizi mara nyingi ni mwanajeshi au mtumishi wa umma aliyelipiwa na hazina ya nchi yake. Neno lenyewe linapotosha, lakini limeshazoeleka.

Udalali haudumu ikiwa jengo linabomolewa, ndiyo maana Axiom inajenga lake. Sehemu zake zinaundwa Torino, Italia. Ya kwanza, yenye umeme na mitambo ya kupoza, inapangwa kuunganishwa na ISS, kisha ing'oke ikajiunge na sehemu ya kuishi. Mshindani wake Vast, wa Long Beach, California, amechagua njia nyingine: Haven-1, chumba kimoja cha mita za ujazo 45, watu wanne, kinarushwa kwa mkupuo mmoja. Tarehe imesogezwa mara kadhaa, jambo la kawaida kwenye fani hii. Starlab, ya kampuni ya Voyager na Airbus pamoja na wengine, ni kubwa zaidi na inasubiri Starship, roketi kubwa ya SpaceX. Orbital Reef ya Blue Origin imekuwa ikisikika kidogo kidogo.

Ukitaka kupima ukubwa wa kazi, usitazame picha zao za kompyuta. Uliza kuhusu choo. ISS inarudisha takriban asilimia 98 ya maji yake: mkojo, jasho, hata mvuke wa pumzi, vyote vinachujwa vikanyweka tena. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kufika hapo, na mitambo yenyewe bado huharibika. Haven-1 haina mfumo kamili wa namna hiyo, wageni wake watakaa wiki mbili hivi kwa akiba waliyokwenda nayo. Ni sawa na tofauti ya kupiga kambi porini na kuhamia. Kambi si aibu, ila tuiite kambi.

Swali gumu ni kama wapangaji watatosha. Aliyelijua hilo kwa machungu ni Robert Bigelow, tajiri wa mahoteli wa Las Vegas. Alirusha vyumba viwili vya majaribio vya kujazwa upepo, 2006 na 2007, na cha tatu, BEAM, kikaunganishwa na ISS mwaka 2016. Kilikusudiwa majaribio ya miaka miwili, kikadumu vizuri hata kikageuzwa stoo. Teknolojia ilikubali. Wateja hawakuja, na Machi 2020 kampuni iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wote. Hata NASA imelegeza masharti: Agosti 2025 ilitangaza kwamba kwa kuanzia kituo kikiweza kukaa na watu wanne kwa mwezi mmoja kinatosha, si lazima kikaliwe mwaka mzima. Kwa maoni yangu ni uamuzi wa mtu mwenye bajeti ndogo na muda mfupi. China, kwa upande wake, ina kituo chake Tiangong, kilichokamilika 2022, na hakuna dalali anayehusika.

Sisi huku tunaingiaje? Kupitia mlango mdogo sana. Kwenye ISS kuna maabara ya Wajapani inayoitwa Kibo, maana yake tumaini, haina undugu na Kibo yetu ya Kilimanjaro. Ina chumba kidogo chenye milango miwili, mmoja wa ndani, mmoja wa nje. Mwanaanga anaweka visanduku vya setelaiti kwenye sinia, anafunga mlango wa ndani, hewa inanyonywa. Mlango wa nje unafunguka, mkono wa mashine unachukua sinia na kuielekeza nyuma na chini ili kitakachotoka kisije kurudi kugonga kituo. Springi inaachia. Tarehe 11 Mei 2018 kilichotoka ni setelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, sentimita 10 kila upande. Novemba 2019 ikatoka RWASAT-1 ya Rwanda. Desemba 2022, PearlAfricaSat-1 ya Uganda. Ile ya Nairobi ilipata nafasi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani wa kusaidia nchi zinazoendelea, ambao hautozi ada ya kurusha wala kuachia.

Kibo itashuka baharini na ISS. Yule kijana wa makopo, masomo yakimwendea vizuri, mwaka 2030 atakuwa chuo kikuu. Akitengeneza kisanduku chake cha sentimita 10 bado zitakuwepo roketi za kukibeba moja kwa moja, kama Taifa-1 ya Kenya ilivyobebwa na Falcon 9 Aprili 2023. Lakini akitaka mlango wa kituoni ataandikia kampuni, na nadhani kitu cha kwanza watakachomtumia ni orodha ya bei.