Nduma, nyirinyiri na mlima: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukiwa na kundi la kupanda milima hapa Nairobi, hukosi mtu wa kuchungulia begi la mwenzake alfajiri basi likisubiri kujaa. "Umebeba nduma? Kwani unahama?" Watu hucheka, kisha kila mmoja anakumbatia biskuti zake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mwenye nduma, na maneno ninayosikia kila safari ni yaleyale.

"Chakula cha kienyeji ni kizito mno."

Uzito mwingi ni wa maji. Kiazi kitamu cha kuchemsha ni maji kama robo tatu, na nyama mbichi isiyo na mafuta mengi haiko mbali na hapo. Kwa Longonot, mlima unaopanda na kushuka siku hiyohiyo, beba nduma zako bila wasiwasi. Ukienda Mlima Kenya siku nne, hapo maji ya ndani ya chakula yaache nyumbani, yaani beba kilichokaushwa, na wanaoijua kazi hiyo ya kukausha tangu zamani ni wafugaji wa kaskazini. Nyirinyiri, nyama iliyokaushwa kwa kukaangwa, ambayo Wasomali huiita oodkac au muqmad, unaipata mtaa wa Eastleigh ikiwa tayari, ya ngamia au ya ng'ombe. Mimi hupenda kujitengenezea.

Nyama hukatwa vipande vidogo kama punje za maharagwe, ikatiwa chumvi na kukaangwa kwa moto mdogo ndani ya mafuta. Usiangalie saa, sikiliza sufuria. Mapovu yale ni maji yanayotoka nyamani. Yakikoma, na kipande kikagonga mwiko kikalia kama kokoto, epua. Usishtuke kilo tatu za buchani zikirudi chini ya nusu. Na kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4, vijiko vichache juu ya ugali vinakutosha jioni nzima.

"Nyirinyiri ukishaifunika kwa samli, haiozi hata iwe na unyevu."

Hii ni hatari. Samli huzuia hewa, lakini wako bakteria wanaostawi pale pasipo na hewa. Kinachoilinda nyama ni ule ukavu wa hadi ndani, na samli ni mlango tu. Kijiko kilichotoka kwenye chai kisiingie humo.

"Githeri haiharibiki upesi, ni mahindi na maharagwe tu."

Mahindi na maharagwe makavu hukaa miezi. Yakishapikwa ni chakula cha kuharibika kama kingine chochote. Nilijifunza kwa aibu: niliepua githeri saa kumi alfajiri, nikaijaza kwenye kontena ikifuka mvuke, nikabana kifuniko, nikaitia katikati ya begi pamoja na sweta. Saa sita mchana, kwenye ukingo wa kreta ya Longonot, kifuniko kilifunguka kwa mlio. Juu kulikuwa na povu, na harufu ilikuwa ya pombe ya busaa. Viini vya bakteria fulani hustahimili kuchemshwa, na joto la vuguvugu lililofungiwa ndilo wanalolisubiri. Siku hizi naipika jioni, naitandaza kwenye sinia ipoe haraka, inalala kwenye friji, na inaliwa kabla ya saa nne asubuhi. Viazi na kabeji siweki kabisa, vinaongeza maji.

"Maharagwe yataiva kambini, mradi gesi ipo."

Hapa Nairobi, kwenye mita kama 1,700, maji huchemka karibu nyuzi 94, ndiyo maana mgeni kutoka Mombasa hulalamika kwamba maharagwe yetu ni sugu. Kwenye kambi ya Shipton huko Mlima Kenya, mita kama 4,200, yanachemka karibu nyuzi 86. Ukiongeza moto, maji yataisha haraka zaidi, ila joto halitapanda. Maharagwe mekundu nayo yana sumu ya asili isiyotoweka vizuri bila kuchemshwa barabara, na kutapika usiku kwenye baridi ile sikuombei. Yapike nyumbani yaive kabisa, yakaushe, kambini uyaloweke na kuyachemsha tena.

Uji hauna shida hiyo. Wanga wa unga huanza kuvimba na kushikana chini ya nyuzi 80, kwa hiyo uji wa wimbi unaiva vizuri hata huko juu.

"Uji wa wimbi ni wa watoto na waliojifungua."

Basi watoto wana bahati. Wimbi lina kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine tunazokula.

"Karanga ikishakaangwa, ukungu umekufa."

Ukungu hufa, lakini sumukuvu yake hubaki, maana kukaanga huipunguza tu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Chagua karanga moja moja kabla ya kukaanga, na zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au chungu zitupwe. Usimwonee haya muuzaji wa soko la Gikomba, mwombe uonje.

"Mfuko wa plastiki ndio huhifadhi chakula vizuri."

Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi za taifa, chupa za maji zikiwemo. Hata bila sheria, nduma ikifungwa kwenye plastiki hutoa jasho na kuteleza. Mimi huifunga kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, kisha kitambaa cha pamba. Jani hurudi nami mjini. Unga na nyirinyiri nazitia kwenye makopo ya kifuniko cha kubana, kwa sababu pimbi wa kambi za Mlima Kenya wamezoea watu, na kitambaa hakiwasumbui hata kidogo.